Maumivu ya uso yasiyojulikana chanzo: jinsi ya kutafuta jibu ukiwa Dodoma

Mdogo wangu alikuwa na miaka 23 yalipomwanza. Ilikuwa Julai, mwezi ambao upepo wa Dodoma hauna huruma, naye alikuwa amepanda boda kutoka Nkuhungu kwenda Majengo anakoshonea nguo. Akashuka amelishika shavu la kulia, machozi yanamtoka, akidhani kaumwa na nyuki. Jina la ugonjwa tulikuja kulipata baada ya mwaka mmoja na miezi minne. Katikati hapo aling'olewa magego mawili, akamaliza dozi nne za antibayotiki za "sainasi" (vyumba vya hewa vilivyo pembeni ya pua vikiugua), akapigwa eksirei tatu, na jirani mmoja akatushauri tukaangalie nani kamtupia jicho.

Mimi si daktari. Ni dada mtu niliyekaa kwenye mabenchi hayo, nikauliza maswali mengi nikiwa nimechelewa. Naandika kwa kijana mwenye maumivu ya namna hii na kwa anayemsindikiza, ili wasipoteze muda tulioupoteza sisi, wala meno tuliyoyapoteza.

Neno langu kubwa ni moja: maumivu ya uso hutambuliwa zaidi kwa maelezo ya mgonjwa kuliko kwa mashine. Hakuna kipimo cha damu kinachosema "hii ni neva" (mshipa wa fahamu) au "hiki ni kiungo cha taya". Ukiingia kwa daktari ukasema "shavu linauma", utatoka na dawa ya shavu linalouma. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni yako, na inafanyika nyumbani.

Kwanza, yasiyosubiri

Kuna dalili ambazo ukiziona huandiki kitu wala husubiri Jumatatu. Uvimbe chini ya taya au shingoni pamoja na homa, shida ya kumeza, kupumua au kufungua mdomo: huo ni usaha unaoweza kuziba njia ya hewa, nenda hospitali usiku huohuo. Upande mmoja wa uso kulegea ghafla, mkono kukosa nguvu, maneno kukwama, macho kuona vitu viwiliviwili au kutoona: nenda sasa hivi. Malengelenge kwenye paji la uso au karibu na jicho pia hayangoji, maana mkanda wa jeshi unaweza kuharibu jicho.

Nyingine si za usiku huohuo, ila zisipite wiki bila daktari kuziona: shavu, mdomo au kidevu kufa ganzi, sikio moja kupunguza kusikia, pua kutoka damu upande mmoja tu mara kwa mara, tezi ya shingoni isiyopungua, taya kuvimba polepole, meno yaliyokuwa imara kuanza kulegea, au kupungua uzito bila sababu. Ganzi hasa isidharauliwe. Uso unaouma na uso uliopoteza hisia ni habari mbili tofauti, na ya pili humfanya daktari afikirie kitu kinachokandamiza neva.

Daftari la siku 14

Kama huna dalili hizo, chukua daftari dogo na kalamu, uviweke mahali unapolala. Kwa siku 14 andika kila maumivu yanapokuja. Usiandike "leo niliumwa sana", maana hiyo haimsaidii mtu. Andika saa, mahali hasa, ulikuwa unafanya nini, yalidumu kwa muda gani, yalikuwaje, ulimeza nini na kilisaidia au la. Yape alama kati ya 0 na 10. Na siku ambayo hakuna maumivu iandike pia, kwa sababu ukimya nao ni habari.

Haya ni ya mdogo wangu, kama alivyoyaandika:

"Jumanne saa 1:10 asubuhi. Nanawa uso. Shoti, kulia, kutoka pembeni ya pua kwenda meno ya juu. Sekunde kama 5. Ikarudi mara 3. 9. Nikaacha kunawa."

"Jumanne saa 7 mchana. Wali. Tonge la kwanza tu. Shoti. Baada ya hapo nikatafuna kushoto."

"Jumatano usiku. Nimelala vizuri. Hakuna."

"Alhamisi. Boda, upepo. Mara 2. Panadoli 2, hazikusaidia kitu."

Mistari hiyo minne ilimtosha daktari kuacha kuuliza habari za meno. Shoti ya sekunde chache, upande mmoja, inayoamshwa na maji, tonge au upepo, inayokaa kimya usiku, isiyosikia panadoli. Alilisoma daftari lote hadi mwisho bila kusema neno, kisha akachukua pamba akamgusa taratibu pembeni ya pua. Mdogo wangu aliruka kitini.

Usione haya kutumia maneno ya kwetu. Inachoma, inafukuta, inagonga, inavuta, inapiga shoti, inawasha, inakaza: kila neno lina maana yake kwa daktari anayesikiliza. Ukilazimisha Kiingereza ukasema "pain" tu, umetupa nusu ya habari. Na mahali, onesha kwa kidole. Kama kidole kimoja kinatosha, fanya hivyo. Kama inabidi utumie kiganja kizima, fanya hivyo pia, maana tofauti hiyo nayo inasema jambo.

Mwishoni mwa daftari weka ukurasa wa historia: lini yalianza na nini kilitokea kabla yake (kung'oa jino, ajali ya boda, kupigwa, mafua makali, malengelenge usoni), meno yaliyozibwa au kung'olewa, dawa zote ulizotumia zikiwemo za miti shamba, ujauzito, uzazi wa mpango, na magonjwa mengine. Hesabu pia ni siku ngapi kwa mwezi unameza dawa za maumivu. Mwenye kipandauso au maumivu mengine ya kichwa anayemeza panadoli au diklofenaki siku 15 au zaidi kila mwezi anaweza kujikuta dawa yenyewe ndiyo inayoendeleza maumivu. Diklofenaki ya kila siku, tena tumbo likiwa tupu, inaumiza tumbo na figo.

Daftari linasema nini

Haya si ya kujipimia ukaishia dukani kununua dawa. Ni ya kukuwezesha kuuliza swali sahihi.

Jino linalouma kwa kweli huitikia moto na baridi, na maumivu hubaki hata maji yakishamezwa. Hukuamsha usiku, na likigongwa unalijua ni lipi. Jino lililopata ufa huuma ukiuma kitu, na zaidi pale unapoachia. Gego la mwisho, lile linaloota kati ya miaka 17 na 25 hivi, likikosa nafasi huvimbisha ufizi wa nyuma na kufanya mdomo usifunguke vizuri.

Kiungo cha taya kiko mbele kidogo ya sikio. Weka vidole hapo, fungua na kufunga mdomo, utakisikia. Kikiwa na shida, maumivu ni ya kufukuta au kuvuta, huzidi ukitafuna nyama au ukiamka asubuhi, taya hulia "ka" au hukwama, na mara nyingi hupanda hadi kwenye panja au kuingia sikioni. Huwapata sana watu wa miaka 20 hadi 40, wanawake zaidi. Wanaosaga meno usingizini, wanaouma meno wakiwa na mawazo, na mafundi cherehani wanaokata uzi kwa meno mchana kutwa wajiangalie hapa. Tulipoanza, wengi walidhani hili ndilo la mdogo wangu, na lilikuwa dhana ya haki kabisa.

Neva ya tano ndiyo inayoleta hisia usoni. Ina matawi matatu kila upande: la paji na jicho, la shavu na meno ya juu, na la taya la chini. Ugonjwa wake madaktari huuita trigeminal neuralgia, na ndio uliokuwa wa mdogo wangu. Ikiugua hupiga kama umeme, kuanzia sehemu ya sekunde hadi dakika 2, mara nyingi kwa siku, na huamshwa na vitu vidogo kama mswaki, maji, tonge, upepo, kuongea, hata busu la mtoto. Ugonjwa huu ni wa watu waliopita miaka 50 zaidi, na ndiyo maana kwa kijana hausogei haraka akilini mwa mtabibu. Kwa kuwa hupiga kwenye meno, watu hung'olewa meno mazima.

Kipandauso jina lake limeshasema. Watu wengi wanaoambiwa wana sainasi kumbe wanacho hiki: maumivu ya kugonga kwa saa 4 hadi siku 3, kichefuchefu, kuchukia mwanga na kelele. Sainasi ya kweli inakuja na pua iliyoziba, makamasi mazito na kutosikia harufu. Ikipita wiki 12 inaitwa sugu. Vumbi la Dodoma linaziba pua za watu wengi, hivyo ni rahisi kila maumivu ya shavu kupachikwa jina hilo. Kama umemaliza dozi mbili za antibayotiki bila nafuu, ya tatu isiandikwe kabla mtu hajaichungulia pua. Ukiwa na makamasi yenye harufu mbaya upande mmoja tu, mwambie daktari akague na meno ya juu ya upande huo, kwa maana usaha wa jino huweza kupanda kwenye sainasi.

Kuna maumivu makali mno kuzunguka jicho moja, dakika 15 hadi saa 3, jicho likiwa jekundu na kutoa machozi, pua ikichuruzika, mtu hatulii anazunguka chumbani. Hayo ni ugonjwa wake peke yake na yana dawa zake. Kuna kuchoma kunakobaki mahali ambapo mkanda wa jeshi ulipita. Kijana aliyepata mkanda wa jeshi apime pia virusi vya UKIMWI, bila kuogopa, kwani majibu hubadilisha matibabu.

Halafu kuna maumivu ya kila siku, zaidi ya saa 2 kwa siku, zaidi ya miezi 3, yanayofukuta bila kuwa na mahali hasa, na kila kipimo kinarudi safi. Hata hayo yana jina kitabibu na yana tiba. Eksirei safi haimaanishi mtu anadanganya.

Anzia kwa meno, ila usiishie hapo

Hatua ya kwanza ya uchunguzi ni kinywa, kwa sababu meno ndiyo chanzo cha kawaida zaidi na ndiyo rahisi kuthibitisha au kuondoa. Nenda kwa daktari wa kinywa na meno, omba eksirei ya taya zima pale inapopatikana, na uliza swali hili kwa adabu: "Dokta, ni jino gani, na umeonaje kwamba ni lenyewe?"

Jino ling'olewe kwa ushahidi: tundu, ufa, usaha kwenye eksirei, au kuitikia kugongwa na baridi. Kama jibu ni "tuling'oe tuone", shukuru, ondoka, tafuta maoni ya pili. Gego la kwanza la mdogo wangu lilikuwa na kidoa. La pili halikuwa na kitu. Nilikuwa nimekaa nje kwenye benchi na sikuuliza. Nimejilaumu sana kwa hilo. Ujue pia kwamba maumivu kuisha wakati wa ganzi hakuthibitishi kuwa jino ndilo lenye kosa, kwani ganzi huizima na neva.

Meno yakionekana mazima, mwombe aliandike hilo kwenye cheti na akupe rufaa. Karatasi inayosema "meno hayana tatizo" ni ya thamani, inakuepusha kuanza upya kila dirisha.

Rufaa na njia ya kwenda

Ukiwa Kondoa, Mpwapwa, Kongwa au Manyoni, anza hospitali ya wilaya na uondoke na barua. Mjini, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, ambayo sote tunaiita General, ndiyo ngazi inayofuata, kisha Hospitali ya Benjamin Mkapa kule upande wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM). Usiombe tu "bingwa". Kiungo cha taya ni cha daktari wa kinywa na taya. Pua na sikio ni cha daktari wa masikio, pua na koo. Shoti, ganzi na kipandauso ni vya daktari wa mishipa ya fahamu, na asipokuwepo daktari bingwa wa magonjwa ya ndani anaweza kuanza kazi.

Ukiingia, usianze na hadithi ya safari. Mdogo wangu tulimfundisha sentensi moja: "Shikamoo dokta. Nina shoti upande wa kulia wa uso, mwaka wa pili sasa, zinaamshwa na upepo na kunawa, meno yameangaliwa, nimeandika kila kitu hapa." Kisha anaweka daftari mezani. Wewe unayesindikiza nyamaza mpaka uulizwe. Mimi hilo lilinishinda mara mbili za kwanza.

Kijana mwenye dalili za neva, hasa aliye chini ya miaka 40, anastahili MRI ya kichwa, yaani picha inayopigwa kwa mashine ya sumaku. Sababu ni kwamba kwa umri huo daktari anataka kuona kama kuna uvimbe, mshipa wa damu unaoigonga neva, au ugonjwa unaokwangua ganda la neva ndani ya ubongo. Mwombe aandike kwenye fomu kwamba anataka neva ya tano ionekane. Picha ya kawaida ya ubongo huweza kupita juu ya neva nyembamba kama hiyo bila kuionesha. Mashine ina kelele na unalala bila kutikisika kwa nusu saa au zaidi, lakini haina mionzi. Taja chuma chochote kilicho mwilini.

Kabla ya siku yenyewe piga simu uulize kama mashine inafanya kazi, na ukiwa na bima uliza kama kipimo kinahitaji kibali. Asiye na uwezo aende ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali hiyohiyo kabla ya kukata tamaa. Omba picha kwenye CD pamoja na ripoti, na vitunze wewe. Upasuaji wa kuitenganisha neva na mshipa wa damu ni kazi ya madaktari wa upasuaji wa ubongo. Kwa wengi wetu hiyo ina maana ya MOI, Taasisi ya Mifupa pale Muhimbili, Dar es Salaam, na tangu 2024 treni ya SGR imeipunguzia mgonjwa adha ya basi.

Dawa

Kwa neva ya tano dawa ya kwanza ni kabamazepini, wengi wanaijua kama Tegretol. Ni ya kifafa, lakini hapa inatuliza neva. Huanzwa kidogo, mara nyingi miligramu 100 mara moja au mbili kwa siku, ikipandishwa taratibu na daktari. Mdogo wangu alipata nafuu siku ya tatu. Alikunywa uji kikombe kizima bila kusimamisha kijiko hewani, mama akatoka nje akalia.

Lakini si ya kununua kienyeji. Ukitoka vipele, vidonda mdomoni au homa, acha na kimbilia hospitali siku hiyohiyo. Huleta kizunguzungu na usingizi, hivyo asiendeshe boda siku za mwanzo. Inapunguza nguvu ya vidonge na vijiti vya uzazi wa mpango, inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, na inagongana na dawa za ARV ikiwemo dolutegraviri. Yote haya yasemwe mbele ya daktari, hata kama shemeji amekaa pembeni. Omba aliyekusindikiza atoke. Vipimo vya damu vya kabla na baada visirukwe. Na kama huna dalili hizo za hatari, usiikate ghafla.

Kwa maumivu ya kufukuta ya kila siku unaweza kuandikiwa amitriptilini, miligramu 10 au 25 usiku. Mwenye duka la dawa atakwambia ni dawa ya Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili. Hapa Dodoma neno hilo linamuumiza mtu kuliko ugonjwa, na nimeona kijana akizitupa chooni kwa ajili hiyo. Kwa kiasi hicho kidogo inatolewa kutuliza maumivu. Na kama maumivu yamemfikisha mgonjwa kusema amechoka kuishi, msiseme anadeka. Mpelekeni hospitali leo, msimwache peke yake.

Nyumbani wakati mnasubiri

Taya lipumzike: midomo imefungwa, meno hayagusani. Acheni bigijii, mahindi ya kuchoma, miwa na karanga kwa wiki kadhaa. Ugali laini kwa mlenda ni chakula cha mgonjwa wa taya kuliko nyama choma yoyote. Kitambaa cha maji ya uvuguvugu dakika 15, mara mbili au tatu kwa siku, husaidia misuli. Wengi wenye kiungo cha taya hupona kwa hayo, mazoezi, na pengine kinga ya kulalia anayotengeneza daktari wa meno, bila kisu. Kwa mwenye shoti, funika shavu kwa upepo, tumia maji ya vuguvugu na mswaki laini, tafuna upande mwingine.

Neva ya tano ina tabia ya kunyamaza kwa miezi kisha ikarudi. Ikinyamaza, usitupe daftari, CD wala cheti, na usikose tarehe ya kliniki kwa sababu unajisikia vizuri. Ndiyo siku nzuri ya kuongea na daktari kuhusu kupunguza dozi. Mdogo wangu huu ni mwezi wake wa tano bila shoti. Akipanda boda bado huvuta ncha ya khanga akalifunika shavu la kulia, na sijamwambia aache.